Dalia Iliyoliwa kwa Pilipili

Saa kumi na mbili asubuhi, Eustolia Meza amepiga magoti uani kwake, Milpa Alta, milimani pembezoni mwa jiji kuu, anafukua mchanga ndani ya debe kwa kijiko cha chai. Anachungulia. Anafukia tena.

"Ukikichokonoa kila siku kitaota lini?" anauliza mumewe, Nicanor, kutoka mlangoni.

"Wewe nyamaza. Wewe ulishashiba."

Nicanor anachukua ufagio, anafagia kizingiti. Ana sababu zake.

Eustolia, 61, analima maua ya dalia na kuyauza sokoni, mashada thelathini siku ikiwa njema. Jina hilo limetokana na Dahl, mtaalamu wa mimea wa Uswidi ambaye hakuwahi kukanyaga milima hii. "Simchukii marehemu," anasema. "Ila hajanisaidia kumwagilia hata moja."

Mama yake aliliita acocoxochitl, yaani ua la mrija wa maji kwa Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa milima hii. Hakueleza, alionyesha tu. Alikata shina la dalia ya mlimani, refu kupita paa na wazi ndani kama mwanzi, akaliinamisha binti yake anywe maji yaliyokuwamo.

"Nilikuwa na miaka sita. Yalinukia majani mabichi. Mpaka leo nikishikwa na kiu nayatafuta yale, haya ya bomba nakunywa basi tu."

Mama alipofariki, aliacha mmea mmoja wa aina hiyo. Desemba iliyopita, baridi ilipoukausha, Eustolia alichimba viazi vyake akaviweka kapuni, jikoni. Na huku viazi vya dalia huliwa. Nicanor akarudi na njaa kutoka kwenye shamba lake la mipungate, mimea ya miiba, akachemsha kapu zima, akatia pilipili.

Ukimuuliza kama vilikuwa vitamu, Nicanor anamtazama mkewe kwanza. "Vya kawaida tu."

"Muongo. Alilamba sahani." Eustolia anafuta kijiko kwenye aproni. "Na mimi nilikula viwili kabla sijauliza vimetoka wapi."

Kilibaki kipande kilichokatika, chenye jicho moja. Kiazi bila jicho hakioti. Hiki kinalo, lakini wiki ya saba sasa kimelala ndani ya debe, na dalia za sokoni zimeshafika magotini. Mashina ya hizo ni membamba, hayabebi hata tone.

"Binti yangu Graciela ana miaka thelathini. Jina analijua. Kunywa hajawahi."

Kikichipua, atakipanda nyuma ya choo, mbali na sufuria za Nicanor, wala hataligusa shina misimu miwili. Wa tatu, Graciela atapanda basi kutoka mjini.

"Nimeshamwambia," anasema Eustolia, "asibebe chupa ya maji. Aje na kiu."