Mbwa wa Nchi Huru ya Clarrie

Jirani yangu Clarrie Hoskin alijitoa Australia siku ya Jumanne, kabla ya chai ya saa nne. Alipigilia kibao kwenye lango la shamba lake kutangaza kwamba pale ni nchi huru na watumishi wa halmashauri wasikanyage. Mimi naishi ng'ambo ya barabara, kwa hiyo tangu siku ile nikienda kuomba sukari nasafiri nje ya nchi.

Si mtu mbaya. Ukikwama kwenye tope, Clarrie anafika na trekta hujamaliza kumpigia simu. Lakini mwaka ule aliofiwa na mkewe, Beryl, alikutana mtandaoni na mwalimu mmoja wa pwani aliyemuuzia elimu: eti serikali ni kampuni tu, sheria haimpati mtu hai mpaka aikubali mwenyewe, na kodi ya ardhi wanalipa wajinga. Clarrie akaanza kuzirudisha bahasha za halmashauri bila kuzifungua, kila moja imepigwa dole gumba kwa wino mwekundu. Akang'oa namba za gari akajichongea za bati, na polisi wakalivuta gari juma lilo hilo. Nilisema nikachoka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mbwa wake wa kondoo, Nugget, naye hakuwa na kibati cha usajili shingoni, maana mwalimu alisema ukimsajili mbwa umeshamkabidhi kwa serikali. Nugget hana habari na siasa. Siku moja akavuka mpaka, akaenda mjini, akachimba mashimo katikati ya kiwanja cha wazee cha kuviringisha matufe, kiwanja ambacho sisi watu wa Wirrabel tunakiheshimu kuliko kanisa. Watu wa halmashauri wakamkamata. Mbwa asiye na kibati huwekwa siku chache tu, kisha hupewa mtu mwingine. Siku hizo zote Clarrie alikaa mezani akitunga barua ya madai. Siku ya mwisho asubuhi akaja kwangu, kofia mkononi.

"Noreen, nipeleke mjini. Saa sita wanamgawa."

Nilimpeleka. Tulipofika kwenye ofisi ya mbwa akasimama nje ya mlango kama aliyepigiliwa misumari.

"Siingii."

"Huingii kwa nini?"

"Mwalimu kasema ukivuka kizingiti chao umepanda meli. Mle ndani inatawala sheria ya bahari."

"Meli! Clarrie, bahari iko mwendo wa kutwa nzima kutoka hapa. Hata bwawa langu limekauka!"

Clarrie akainyoosha barua yake mlangoni, mkono ndani, miguu nje. Tamsin, karani wa halmashauri, mtoto wa hapahapa tuliyemwona akijifunza kutembea, akaipokea na kuisoma taratibu.

"Anko Clarrie, unasema mimi ni kibarua wa kampuni, sina mamlaka juu yako wala mali yako."

"Ndivyo."

"Haya. Kama sina mamlaka ya kumshika mbwa, mamlaka ya kumwachia nitayatoa wapi?"

Somo hilo Clarrie na mwalimu wake walikuwa hawajalifikia.

"Si umpigie mwalimu wako," nikamwambia, na nakiri nilikuwa naona raha. Akapiga. Sauti ikamjibu kwamba ushauri wa ziada hulipiwa kwanza.

Nugget alikuwa ameisikia sauti ya bwana wake, akaanza kulia kule nyuma kwenye vizimba. Na ndani, kwenye benchi, alikuwepo mfugaji mmoja mgeni, kamba mpya mapajani, anatazama saa ya ukutani.

"Mbwa wa kazi huyo?" mfugaji akauliza.

"Wa kazi haswa!" Clarrie akadakia kutoka nje. "Kundi zima la kondoo analigeuza peke yake, wala habweki."

"Nyamaza, mzee wewe! Unamuuza!" nikamfokea.

Mfugaji akaikunjua kamba. Clarrie akaiona. Raha yangu yote ikaniishia.

"Clarrie, ingia," nikasema. "Nakuomba."

Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akafumba macho, akavuka. Sakafu haikuyumba. Tamsin akamsogezea fomu ya kumsajili mbwa na kalamu. Mfugaji akaikunja tena kamba yake, muungwana kumbe.

Clarrie akaishika kalamu. Akaitazama ile karatasi, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Dakika zilikuwa zinakwenda na Nugget analia. Nikadhani ni yale yale ya kampuni na mtu hai, nikavuta pumzi nimpashe.

"Sijui pa kuanzia," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Karatasi zote alikuwa anafanya Beryl. Bahasha zote. Mimi sijawahi kufungua hata moja."

Pumzi ile niliimeza. Miaka yote hiyo naishi ng'ambo ya barabara, nacheka.

Tamsin akazunguka kaunta, akaja kusimama kando yake, bega kwa bega, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Anza hapa, anko. Jina la mbwa."

"Hilo nalijua," akasema Clarrie, akainama kuandika.