Mawe Niliyoyaosha Gatina

Mimi ni fundi wa mabomba. Naishi Silanga, upande wa Kibera ulio karibu na bwawa, na huko huwezi kukaa miaka kumi na tano bila kuyajua maji: ya kunywa, ya kufulia, ya kumwagilia sukuma, na yale ya kuruka tu ukapita. Kwa hivyo mama mmoja wa Gatina, kule Kawangware, aliponipigia simu kwamba filta ya samaki wake inavuja, nilikwenda na spana mbili na kiburi cha kutosha.

Mama huyo ni mjane. Anakaa chini kabisa ya ghorofa waliyoijenga na marehemu mumewe, wapangaji wakiwa juu. Sebuleni, mahali ambapo wengine huweka kabati la vyombo, palikuwa na tangi la kioo lililokula ukuta mzima. Nikauliza linaingia mitungi mingapi. Arobaini, akasema, na yote ni maji ya chumvi. Mumewe alifanya kazi bandarini miaka mingi, na alipostaafu akakataa kuachana na bahari. Alinunua chumvi maalumu, akaikoroga na maji ya mvua, akafuga samaki wa baharini hapa Kawangware. Niliposikia hivyo niliona ni wazimu. Kisha nikawatazama wale samaki, nikasogea karibu.

Walikuwa sita. Mmoja alikuwa wa manjano, bapa kama chapati iliyosimamishwa wima. Mama aligusa kioo kwa kidole, na yule wa manjano akaja moja kwa moja.

"Huyu, mzee wangu alikuwa anamlisha na mkono," akaniambia. "Hao wengine wakikufa nitalia kidogo. Huyu ndiye nimebaki naye, fundi. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Filta ya zamani ilikuwa kopo kubwa lililofungwa, lenye mota juu na sponji ndani, na halikuwa la kutengenezeka tena. Nikaenda mjini kwa muuzaji wa vifaa vya samaki. Nilitegemea anionyeshe ya bei kali na kuisifu. Badala yake aliniuliza, "Huko kwenu stima hupotea aje?"

Nikamwambia hupotea inavyotaka.

Basi akanikataza kopo jingine. Stima ikikatika, alisema, maji ndani ya kopo hukosa hewa na kuanza kuoza, na ikirudi humwagia samaki uozo wote. Kwa tangi kubwa alinishauri niweke tangi dogo chini ya lile kubwa: maji yashuke yenyewe kwa bomba, yapite kwenye sponji na mawe, kisha pampu iyarudishe juu. Kando yake, mashine ya povu. Hiyo hupuliza vipovu vidogo sana, taka ikapanda navyo na kumwagikia kikombe. Nilimwelewa vizuri kuliko alivyodhani. Hayo yalikuwa mabomba, na mabomba ndiyo shule yangu.

Kazi niliyoifanya bado naionea fahari. Pampu ikizimika, maji ya juu hutaka kufuata bomba yashuke yote, sebule igeuke bwawa la pili. Kwa hiyo nilitoboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, karibu na uso wa maji, livute hewa na kukata mkondo. Nilizima swichi mbele ya mama. Maji yakashuka, yakapanda katika tangi la chini, yakasimama vidole viwili kabla ya ukingo. Mama akapiga makofi. Sifa zikanipanda kichwani.

Ndipo nikayageukia mawe ya zamani yaliyokuwa ndani ya tangi kubwa. Yalikuwa yamefunikwa utando wa zambarau na kahawia, yanateleza, na sponji ya zamani ilikuwa imejaa kitu kama matope. Silanga tumefundishwa na kipindupindu. Mtungi wowote unaoingia kwangu, mke wangu huusugua kwa klorini kwanza. Nikawahamisha samaki kwenye pipa, nikayaloweka mawe yote kwa klorini pamoja na sponji, nikasugua, nikasuuza mara nne, nikayaanika juani mpaka yakawa meupe, kisha nikayarudisha pamoja na samaki. Hakuna aliyeniagiza. Niliona ni heshima kwa mteja.

Siku ya tano mama akapiga simu. Wawili walikuwa wamekufa, na wa manjano alikuwa juu kabisa ya maji, anahema. Nilikwenda mbio. Maji yalikuwa safi, sijapata kuona maji safi kama yale. Niliogopa kweli. Nikampigia muuzaji.

"Yale mawe ya zamani uliyaosha?" akauliza.

"Sana. Na klorini."

"Umeua filta."

"Filta ni mpya, boss. Inafanya kazi."

"Filta si mashine. Ni vidudu vilikuwa kwa hayo mawe, hivyo ndivyo hula sumu ya mavi ya samaki. Kuja haraka."

Dukani alitoa mawe kwenye tangi lake mwenyewe, machafu, yananuka pwani, akayatia na maji yake ndani ya mtungi niliobeba. "Usioshe. Usikaushe. Usifikirie hata." Nikapanda boda boda mpaka Gatina nimeukumbatia mtungi wa uchafu wa kuomba, mimi niliyeutupa mwingine bure.

Tulibadilisha nusu ya maji kwa yale ya chumvi ambayo mama huweka tayari mapipani, kisha nikayapanga mawe chini, polepole. Hapo ningeweza kusema ni stima. Ilikuwa imepotea wiki hiyo mara mbili na angeniamini. Lakini alikuwa ameketi anamtazama yule wa manjano, na ulimi ukanikatalia.

"Mama, ni mimi. Niliosha mawe na klorini."

Hakugeuka. "Nilisikia hiyo harufu," akasema. "Nikafurahi. Nikasema, leo nimepata fundi msafi." Baadaye akaongeza, "Mzee hakuwa anaosha hayo mawe. Miaka kumi na moja. Nilikuwa namgombeza kila Jumamosi, ati anafuga uchafu ndani ya nyumba yangu."

Tukakaa hapo wote wawili, watu wasafi.

Niliendelea kwenda kila siku, bila kuitwa. Siku ya nane nilimkuta mama amesimama kando ya tangi, mkono umezama hadi kiwiko. Wa manjano alikuwa anadonoa chakula vidoleni mwake.

"Kuja," akaniambia. "Mwambie pole."

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni, nikaona hatanii. Basi mimi, mtu mzima, fundi, nikachuchumaa mbele ya kioo, nikamwambia samaki pole. Halafu nikaona picha ya mzee ukutani, nikamwambia na yeye.