Fungueni Kwanza, Majina Baadaye

Jioni ile ya Jumamosi, *Bandari ya Giza* ilipofika sehemu yake ya mwisho, Bi Chizuko Muroi aliizima runinga ya bafu kwa kidole gumba, kwa nguvu kama anayeponda kunguni, kisha akatangaza kwa sauti iliyopenya mapazia yote mawili, la buluu la wanaume na jekundu la wanawake, kwamba wametapeliwa.

"Mwaka mzima!" alisema. "Mwaka mzima nimekaa hapa kama zuzu!"

"Taratibu, mama. Hiyo runinga ni mzee kuliko mimi."

Aliyejibu ni Mzee Obata, mtu pekee aliyebaki kwenye benchi la ukumbini, taulo shingoni, chupa ya maziwa ya kahawa mkononi, beseni lake la manjano mapajani. Alikuwa dereva wa winchi mstaafu wa kiwanda cha chuma, na aliishi peke yake katika vyumba vya mbao nyuma ya soko, vilivyojengwa zamani zile ambapo hakuna mwenye nyumba Osaka aliyewaza kwamba mpangaji anahitaji bafu lake. Kwa hiyo kila jioni alikokota kandambili zake za kahawia, moja ikiwa imefungwa waya pale ilipokatika, akaja kuoga Kozue-yu, bafu la umma la mtaa ule. Jumamosi aliwahi zaidi, ili awe ameshatoka majini kabla kipindi hakijaanza. Ndivyo yeye na Bi Chizuko, aliyeikalia meza ya mapokezi ya bafu hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, walivyojikuta watu wazima na mvi zao wakifuatilia mambo ya vyombo vya angani.

*Bandari ya Giza* ilikuwa hadithi ya kituo kilichoning'inia mbali huko, mahali ambapo hata mwanga wa jua haufiki. Kila sehemu ilianza na mtu kubisha hodi mara tatu. Waliomo ndani wangetaka kujua ni nani, katoka wapi, kabeba maradhi gani, naye Kamanda, mwanamke mfupi mwenye kovu shingoni, angesema yale yale ya siku zote: "Fungueni kwanza. Majina baadaye." Wakafungulia wakimbizi, wakafungulia wezi, wakafungulia roboti iliyopoteza kumbukumbu, na wiki moja wakafungulia kitu kama ukungu ambacho hakikuwa na jina wala haja ya jina. Bi Chizuko aliyapenda maneno yale mpaka akayahamishia kazini. Mabafu mengine yalibandika tangazo la kuwakataza wenye michoro ya wino mgongo mzima, ambao watu huwadhania majambazi. Yeye aliwapa ufunguo wa kabati la viatu kama wengine, na mlevi alimkalisha kwanza kwenye benchi akampa maji.

Sasa katika sehemu ya mwisho kituo kimezidiwa, hewa haitoshi, na chombo kimoja cha mwisho kinabisha hodi nje. Kamanda anadondosha chozi moja, anaufunga mlango, vinanda vinalia, majina ya waigizaji yanapanda. Basi.

"Mimi naona wamemaliza vizuri," alisema Mzee Obata.

"Vizuri? Amefunga mlango!"

"Wale wa nje wenyewe ndio waliomwambia afunge. Hukusikia redio ya chombo chao? 'Msijali, sisi tutaelewa.' Hapo ndipo ilipokuwa maana yote. Mwaka mzima wanaojitolea ni wa ndani. Siku ya mwisho, wa nje nao wakajitolea. Mimi roho yangu imetulia."

"Aa wapi! Wewe umekaa juu ya winchi miaka yote, binadamu unawaona kama sisimizi." Bi Chizuko alikuwa amesimama sasa. "Hebu nijibu. Hao wa nje wana sura gani?"

"Sura?"

"Ndiyo, sura. Pua, macho. Hatukuonyeshwa hata mmoja! Kamanda tumemwona mpaka vinyweleo, wale wa nje sauti tu. Mtu usiyemwona uso, kumfungia mlango kuna kazi gani?"

Mzee Obata alicheka. "Kunywa maziwa, mama. Hiki kipindi cha watoto."

"Cha watoto, mbona ulikuwa unapenga kamasi?"

"Mvuke."

Ukweli ni kwamba hasira ile haikuwa ya runinga peke yake. Wiki hiyo hiyo mwenye bafu, Mzee Nakabayashi, alikuwa amebandika karatasi mlangoni: tanuri la kuchemshia maji linavuja, mafundi wake wamekwisha kufa, mwisho wa mwezi Kozue-yu inafungwa, ahsanteni kwa miaka mingi. Karatasi fupi, ya adabu, kama karatasi zote za maduka yanayokufa katika mtaa ule. Bi Chizuko hakuweza kulizuia tanuri lisivuje, na alilijua hilo. Lakini namna ya kumaliza, hiyo aliiona ni mali yake. Alitaka kila mwenye beseni lake kwenye rafu ya wateja wa kudumu aoge maji ya mwisho, alitoe beseni, wapeane kwaheri ya macho kwa macho. Ni hilo tu.

"Siku ya mwisho hapa hafungiwi mtu," alimwambia Mzee Obata alipokuwa akiinuka. "Njoo saa yako ile ile. Nakufungulia mimi mwenyewe."

"Kwanza, majina baadaye?"

"Jina lako nalijua, kwa bahati mbaya. Na ununue kandambili mpya, unatia aibu."

Mwezi ulipokwisha, siku ya mwisho ilikuwa Jumapili. Kuna aina ya watu ambao Bi Chizuko hajawahi kuwaelewa na hataki kuwaelewa: wanaopenda misiba ya wasiowajua. Treni ikitaka kuacha kupita njia fulani, wao wako stesheni na kamera. Duka la vitumbua likitaka kufungwa, wao ndio foleni, nao katika uhai wa duka lile hawakuwahi kununua hata kimoja. Mmoja wao alikuwa ameipiga picha ile karatasi ya mlangoni na kuirusha mtandaoni, na kabla bafu halijafunguliwa alasiri ile watu walikuwa wamejipanga mpaka kwenye kona ya muuza samaki.

Walikuwa na adabu, hilo lisemwe. Walivua viatu, waliomba ruhusa, walipiga picha funguo za mbao na vigae vyenye picha za ndege korongo ukutani, walisema "oo, inauma" na "oo, hasara gani hii". Mwanamke mmoja mwenye taulo jipya lenye lebo bado alimshika Bi Chizuko mkono huku machozi yanamlengalenga.

"Mahali pazuri namna hii! Kwa nini mnafunga?"

"Kwa sababu hukuwahi kuja," alitaka kumwambia. Akameza. "Ahsante sana kwa kufika," alisema.

Wateja wa kudumu waliokuja mapema walipita kwa kubanana. Jua lilipokaribia kuzama Mzee Nakabayashi alitoka kwenye tanuri, uso mwekundu.

"Chizuko, basi. Wamejaa kama dagaa. Kuna kijana amekaa chini kule, kichwa kinamzunguka. Simama mlangoni uwaambie tumejaa."

"Mzee, si tulisema hafungiwi mtu?"

"Ulisema wewe."

"Wa kudumu hawajaisha. Bi Shimoda bado, Mzee Obata bado..."

"Wakija wao si utawaona? Waingize kwa mlango wa nyuma. Wengine warudi. Mtu akizimia majini leo, mimi ndiye nitakayekwenda polisi, si wewe na Kamanda wako."

Hapo alikuwa amemshinda. Bi Chizuko akatoka nje akasimama mbele ya pazia, na akafanya kazi hiyo kama alivyofundishwa akiwa msichana. Kumrudisha mteja si jambo la kumkodolea mtu macho. Unaunganisha mikono mbele, unainama mpaka mgongo unakuwa kama meza, macho chini kabisa, unasema umesikitika mno, tumejaa, tunaomba radhi kutoka moyoni, na hunyanyuki mpaka mwenzio ameshageuka. Kunyanyuka mapema ni utovu wa haya, ni kama kumchungulia mtu ukaone umemwumiza kiasi gani. Aliinama kwa mmoja, akainama kwa mwingine, akainama kwa kundi zima. Mgongo ulimwuma. Hasira ilimpanda, akainama zaidi ili isionekane.

Viatu ndivyo alivyoviona. Raba nyeupe. Buti za msichana. Raba tena, raba tena. Bi Shimoda alimwita kwa jina; Bi Chizuko akampitisha nyuma, akarudi kuinama. Zikaja kandambili, zikasimama. Akasema maneno yake mpaka mwisho. Kandambili zikabaki pale kidogo, zikasogeleana visigino kama mtu anayeinama naye, kisha zikageuka zikaenda.

Bafu lilipokwisha kutoa watu na Mzee Nakabayashi alipozima tanuri, Bi Chizuko aliingia ndani kufuta rafu ya wateja wa kudumu. Rafu ilionekana tupu. Alifurahi, kwa muda wa pumzi moja. Kisha akaliona beseni la manjano kule pembeni, na ndani yake sabuni iliyolika na brashi ya mgongo.

"Huyu mzee kaacha kuja," alisema kwa sauti. "Mjinga mkubwa, kaacha..."

Kandambili zile za mlangoni. Ya kushoto ilikuwa na waya.

Akakaa kwenye sakafu iliyolowa. Alitukana. Alimtukana Mzee Nakabayashi, akaitukana mitandao, akawatukana wapiga picha na mataulo yao mapya, akamtukana Mzee Obata kwa kutofumbua mdomo, na walipokwisha wote wa kutukanwa akabaki yeye. Maji yalikuwa yanaondoka kwenye shimo la bafu kwa mlio wao ule wa kila siku. Hakukuwa na la kuyazuia.

Asubuhi alilibeba beseni kifuani, akapita sokoni, akaingia kwenye ujia wa vyumba vya mbao. Mlango wa Mzee Obata ulikuwa wa mwisho. Alibisha mara tatu.

Ikajibu sauti kutoka ndani, yenye adabu ya kuudhi:

"Samahani sana. Tumejaa."

Siku nyingine angecheka. "Fungua, mzee. Nimekuletea beseni lako."

"Liweke tu hapo nje. Msijali, sisi tutaelewa."

Lilimchoma lile neno. Aliegemeza paji la uso kwenye mbao.

"Sikukuona," alisema. "Wallahi sikukuona. Nilikuwa nimeinama."

"Najua. Uliinama vizuri sana. Nilingoja uinue uso, watu wa nyuma wakaanza kunisukuma."

"Sasa si ungesema! 'Ni mimi, Obata.' Hayo tu, yangekuua?"

"Yaani nijitaje mlangoni pale?" Sauti ilikuwa karibu sasa, upande wa pili wa ubao ule ule. "Nilidhani pale kwenu majina ni baadaye."

Bi Chizuko alitaka kukasirika, hasira aliyoishi nayo mwezi mzima ilikuwa bado ipo, imejaa tele, lakini kila alipomtafuta wa kumtupia alijikuta ni yeye aliyesimama mbele ya pazia. Alilia kwa ghadhabu, kwa sauti mbaya, beseni likigonga mlango.

Mlango ukafunguka. Mzee Obata alikuwa amevaa fulana ya jana, nywele zimesimama, na alinuka jasho la mtu aliyekwenda kuoga akarudi bila kuoga. Alilipokea beseni. Aliitazama sabuni ndani yake kwa muda.

"Lile nililosema, la kile kipindi," alisema.

"Lipi?"

"Kwamba wamemaliza vizuri. Nalifuta. Wamemaliza vibaya." Alijikuna shingo. "Nimerudi jana nikakaa hapa nikafikiri. Yale maneno ya redioni, msijali, sisi tutaelewa... mtu wa nje hasemi vile, mama. Mimi nilikuwa nje, sikusema vile. Niliondoka tu. Yale ameyaandika mtu aliye ndani."

Kwa mwezi mzima Bi Chizuko alikuwa akingoja mzee huyu akubali kwamba ameshindwa, na alishapanga hata kejeli atakazompiga siku hiyo. Hakuna hata moja iliyomjia. Alijipangusa uso kwa mkono.

"Hujaoga tangu juzi?"

"Nioge wapi? Bafu lililo karibu ni la kupanda treni."

"Kwangu kuna bafu. Dogo, ukikaa magoti yanagusa kidevu."

"Majirani watasema."

"Waseme."

"Si sawa na kule," alisema Mzee Obata.

"Najua si sawa na kule." Alimtazama usoni, mvi za nyusi, mikunjo, jicho la kushoto lililo dogo kuliko la kulia, akamtazama mpaka mzee wa watu akaona haya na kugeukia ukutani. "Vaa kandambili zako, twende."