Kipimo Kilichobaki Bila Kurudiwa

Simu ilimkuta dada mtu anaanika mashuka. Aliyepiga alikuwa mkuu wa maabara alimofanya kazi mdogo wake.

"Dada, mdogo wako ameanguka hapa kazini. Presha. Tulimkimbiza hospitali, lakini Mungu amemchukua."

Hakulia. Kilichomtoka kwanza ni hasira: "Na kile kipimo chake, mlimruhusu kurudia?"

Mkuu akamtajia hospitali ulipo mwili.

Marehemu alikuwa fundi wa maabara. Miaka nenda miaka rudi aliinamia hadubini, akitafuta mayai ya kichocho cha tumbo kwenye vinyesi vya watoto wa shule. Mayai yakiwa machache, jicho huyaruka, na mtoto hurudi kwao na ugonjwa wake. Ndiyo maana vilipoletwa vipimo vipya vya majaribio alifurahi kupita kiasi. Ni vijiti vyenye chembe za dhahabu ndogo kuliko vumbi, zimebeba uzi wa DNA unaonasa DNA ya kichocho tu. Ikinaswa, umeme unaopita kwenye kijiti hubadilika kidogo na mashine inayokisoma huonyesha.

Wenzake wakambatiza Dhahabu. "Dhahabu, leo umechimba gramu ngapi?"

"Chekeni tu. Nikitajirika msiniletee shida zenu."

Majibu yakaja yote "hakuna", hata kwa watoto ambao hadubini ilionyesha mayai tele. Mkuu akasema vipimo ni vibovu, virudishwe.

Jioni moja, akila kwa dada yake, kijiko kilimsimama mkononi.

"Dada, ni mimi! Nimetia formalini."

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

"Dawa ya kuhifadhi kinyesi. Yai linabaki zima, hadubini inaliona. Lakini DNA inaharibika. Mkono umezoea, ukamimina wenyewe."

"Si ukaseme, baba?"

Alisema. Akaomba arudie kwa vinyesi vibichi, siku moja tu. Mkuu akajibu kwamba mashine inaondoka Ijumaa na wenye mradi wa majaribio wameshaamua vipimo virudishwe. Akamfuata tena, na tena, mpaka akaambiwa anasumbua watu. Alhamisi akaja na vikopo vya vinyesi vibichi, akakuta kabati la vijiti limefungwa. Akaanguka palepale, akigombea ufunguo.

"Ee Mola," dada alinung'unika usiku kucha, "siku moja tu ilikuwa nyingi kwako?" Kisha akaomba msamaha, kisha akauliza tena.

Walimzika Jumamosi asubuhi. Wenzake wa maabara walibeba jeneza, mkuu wao akafuata nyuma. Sala ilisomwa, na dada akaitikia "amina" kila ilipopasa, ingawa moyo ulikuwa haujalegea. Akatupa udongo wake. Kaburi likafukiwa, watu wakampa pole, wakatawanyika.