Impamba ya Wanaanga

Kopo la aiskrimu halisahau aiskrimu. Lioshe kwa maji ya moto, lisugue kwa ndimu, lianike juani mpaka lififie rangi, bado siku utakapolifungua kitatangulia kile kiharufu kitamu cha vanila, ndipo kije ulichokiweka humo. Juzi nilifungua moja jikoni kwangu. Vanila ilitangulia, zikafuata karanga za kukaanga, na nyuma yake, bila haya, ndagala. Ndagala ni wale samaki wadogo wa ziwa Tanganyika ambao wewe huenda unawaita dagaa. Nikavuta kiti nikakaa. Kwa kitambo sikuwa tena kwenye baridi hii ninakoishi siku hizi. Nilikuwa Durban, nimemshika mama kitenge, mbele yetu kuna foleni ndefu na chombo cha kwenda angani.

Tulikaa kwenye fleti ya juu juu karibu na Warwick, mahali ambapo asubuhi huhitaji saa, kwa maana honi za teksi zinakuamsha. Baba ni mtu wa Uvira na mama ni mtu wa Bujumbura, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili, na kila mmoja wao alidai chake ndicho safi. Mama alisuka nywele saluni. Baba alilinda magari kwenye maduka ya Overport, akiwa amevaa kizibao cha rangi ya chungwa ambacho mama alikipiga pasi kila usiku kana kwamba ni suti ya harusi.

Sasa nikueleze impamba. Kwao mama ni chakula anachofungiwa mtu anayekwenda safari. Asiondoke mtu mikono mitupu, hata kama njia ni fupi, hata kama huko aendako kuna mikahawa kila kona. Wengi waliofika Durban waliiacha desturi hiyo njiani pamoja na mengine mengi. Mama hakuiacha. Mgeni aliyetoka Bluff, hapo hapo mjini, kuja kututembelea aliondoka na viazi vitamu vya kuchemsha. Jirani mmoja alipohama kutoka ghorofa ya chini yetu kwenda ghorofa ya juu yetu, mama alimpa impamba ya kupandia ngazi. Baba alimcheka mpaka akakohoa. Mama alimwacha acheke, akaendelea kukaanga karanga zake. "Akiba haiozi," alisema, na kwa ndagala waliokauka vizuri hilo ni kweli kabisa.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa mgonjwa wa anga. Ilikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia, watoto wa mtaani kwetu bado wanapuliza vuvuzela zilizopasuka, na mimi nilikuwa nimeshachoka na mpira. Nilijua majina ya sayari zote. Nyota zenyewe sikuzijua sana, kwa sababu taa za stendi ya teksi zilizifunika, lakini niliamini ziko, kama mtu anavyoamini kuhusu nduguze wa mbali. Jioni moja baba alirudi kazini, akavua kizibao, akaniita, "Mama," maana ndivyo alivyoniita, jina la mama yake ni langu. Akasema mtu mmoja ambaye humlindia gari amemwambia kuna chombo kipya cha kubeba wanaanga kimeletwa kwenye ule ukumbi mkubwa wa maonyesho karibu na ufukweni. Watu wanakiona kwa karibu. Watoto wanaingia ndani kabisa, wanalala kwenye viti. Bure.

Nadhani niliacha kula. Niliuliza maswali mpaka baba akaomba apumzike. Mama, aliyekuwa akichambua mchele, aliuliza moja tu: hicho chombo kinabeba watu wangapi? Baba akasema amesikia wanne. Mama akarudi kwenye mchele wake.

Siku tuliyopata nafasi ilikuwa Jumapili, siku ya mwisho ya maonyesho. Tulitoka kanisani moja kwa moja, mimi na mama, baba akaenda kwenye magari yake. Mama alivaa kitenge chake cha bluu cha siku kubwa. Begani alikuwa na mfuko, na njia nzima upepo wa bahari ulipotugeukia nilisikia harufu niliyoijua. Sikuuliza. Nilijiambia ni chakula chetu cha mchana.

Foleni ilianzia nje. Ilituchukua muda mrefu kufika mlangoni, na kupitia kioo tayari nilikuwa nakiona chombo: kipana chini, chembamba juu, cheupe, kimeinuliwa kwenye jukwaa lenye ngazi za chuma. Kilikuwa kikubwa kuliko nilivyofikiri, na bado nikajiuliza watu wanne wanajibanaje mle. Mlinzi wa mlangoni akafungua mfuko wa mama. Akatoa kopo la aiskrimu, akainua kifuniko, na harufu ya ndagala ikatoka kutusalimia sote. Nyuma yetu mtu alikohoa. Mlinzi akafunika upesi, akanyoosha kidole kwenye bango. Chakula hakiingii. Tukiache mezani au tukae kando.

Kiingereza cha mama kilikuwa cha saluni, kinatosha bei na mtindo wa nywele. Mambo mengine nilimtafsiria mimi. Nikamwambia tuliache kopo mezani, mama, tutalichukua tukitoka. Mama akatikisa kichwa.

"Hii hapana ya kula sisi," akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo "ndiyo" huwa "njo". "Hii njo impamba. Iko ya wale watakaoenda."

Ndipo nilipoelewa. Mama yangu alikuwa amekuja kuwaaga wanaanga. Nikalitafsiri hilo kwa sauti ndogo kadiri nilivyoweza. Mlinzi alinitazama, akamtazama mama, kisha kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, akaniomba nimweleze kwamba hakuna anayeenda popote. Hicho ni chombo cha mfano. Kimetengenezwa sawasawa na cha kweli, lakini hakina injini, ni cha kutazamwa tu. Watu wa nyuma walianza kutusogelea. Nilijua tukitolewa kwenye foleni hatutarudi, na kesho chombo hakitakuwepo. Nikamweleza mama haraka haraka, nusu nalia.

"Najua," mama akasema. "Mwambie najua. Lakini siku watakapoenda kweli, nani ataniita?"

Nikatafsiri. Nilitafsiri neno kwa neno, na mwalimu wangu wa Kiingereza angenipa alama zote. Sikuelewa hata kidogo nilichokuwa nasema.

Wakati huo alikuwa amekuja dada mmoja aliyevaa ovaroli la bluu, mmoja wa wale waliokuwa wakiwaonyesha watu chombo, kuona ni nini kimekwamisha foleni. Kifuani aliandikwa Nomusa. Alisikia maneno yangu, akauliza kopo lina nini, akaambiwa. Akainua kifuniko mwenyewe. Wengine wote walikuwa wamerudisha pua nyuma. Yeye aliinama.

"Hawu, Ma," akamwambia mama. "Umphako."

Mama hakulijua neno hilo, lakini alijua limesemwaje. Nomusa akanieleza, nami nikamweleza mama, kwamba kwa Wazulu nao msafiri hufungiwa chakula, na kwamba yeye mwenyewe, kila alipotoka kijijini kwa bibi yake kurudi chuoni, alipanda basi na kuku wa kuchemsha kwenye kopo la aiskrimu. Basi zima lilijua ametoka kwa bibi. Mama akacheka. Tangu kanisani alikuwa hajacheka. Nomusa akasema jambo kwa Kizulu kwa mlinzi, mlinzi akainua mikono kama anayeoshwa dhambi, na tukaingia, sisi na kopo letu.

Ndani ya chombo kulinuka rangi mpya na plastiki. Viti havikuwa vya kukaa, vilikuwa vya kulala chali, magoti juu. Nomusa alinipandisha kwenye kimoja na kunifunga mikanda. Mama akaambiwa anaweza kusubiri nje. Hakusubiri. Alikusanya kitenge chake cha bluu, akakibana vizuri katikati ya magoti, kama afanyavyo akipanda bodaboda kwao, akalala kwenye kiti cha pembeni yangu. Juu yetu kulikuwa na vioo vyeusi vya kompyuta na kidirisha kidogo. Kwenye kidirisha zilionekana taa za dari ya ukumbi. Niliamua ni nyota na zikawa nyota. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena. Nilinyoosha mkono nikamshika mama, na mkono wake ulikuwa na joto na ulinuka ndagala, na mimi nilikuwa naondoka duniani.

Mama akauliza, wanakula nini humu? Nomusa akafungua kijikasha ukutani, akatoa pakiti ya plastiki iliyobanwa bapa. Chakula kikavu, akasema, unaongeza maji. Mama akaipokea, akaigeuza, akaipeleka puani.

"Haina harufu," akasema. "Ukiwa mbali hivyo, kitu bila harufu kitakukumbusha nini?"

Nikatafsiri. Nomusa akachukua kopo letu, akaliingiza kwenye kijikasha, likaenea barabara, akafunga. Mama akafumba macho na midomo yake ikacheza. Aliwaombea. Wanne wasiojulikana, siku isiyojulikana, kwa Kirundi, lugha aliyoitumia kwa mambo mazito tu.

Tulipotoka, Nomusa alitufuata ngazini akiwa na kopo mkononi, akataka kulirudisha. Mama akaweka mikono nyuma. Impamba ikishatolewa hairudi nyumbani. Dada wa watu akatatizika kweli. Sasa nani atakula? Mama akamuuliza, kupitia kwangu, wewe baada ya hapa unakwenda wapi. Nomusa akasema jioni ile wanakifungua chombo na kukipakia, kisha yeye na wenzake watapanda basi, safari ya kutwa na kucha, mpaka Cape Town.

"Basi si njo wewe msafiri," mama akasema.

Nomusa akalipokea kopo kwa mikono miwili, akikunja magoti kidogo, kama mtoto aliyelelewa na bibi. Mama alirudi nyumbani akitembea wepesi, mfuko mtupu ukipeperuka begani. Mimi nilirudi nikiwa bado angani, sikugusa lami.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho. Mama aliyewapelekea wanaanga dagaa! Marafiki wa shule walikipenda. Mama naye alikuwa akicheka tulipokikumbusha, na kila mtangazaji wa televisheni aliposema kuna chombo kimerushwa, baba alimwuliza kama hawa nao wamepita kwake kufungiwa.

Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima baba aliponieleza mengine, siku moja tukiwa wawili tu, kwa sababu mama mwenyewe hakuwahi kuyasema. Siku tulipotoka Bujumbura, mimi mgongoni, mama hakupata kumuaga mama yake. Bibi alikuwa sokoni. Risasi zililia upande wa juu wa mji, lori likapatikana, na lori wakati kama huo halimsubiri mtu. Bibi aliporudi akakuta mlango wazi. Majirani wakamwambia. Akafunga alichokuta jikoni, akakimbia nacho hadi barabara kuu, na barabara kuu ilikuwa tupu. Akakaa pale. Wakaja watu wengine wanaokimbia, yeye hawajui nao hawamjui, akawapa. Miaka baadaye, alipopatikana kwenye simu, jambo la kwanza alilomwambia mama halikuwa salamu. Alimwomba msamaha kwa kumwacha aondoke mikono mitupu. Alifariki kabla hawajaonana.

Hapo nikarudi kwenye ile foleni, nikayasikia tena maneno niliyoyatafsiri. Nani ataniita. Mama hakuwa amekosea kuhusu chombo kile. Alijua vizuri kuliko sote ukumbini kwamba kuondoka hakumsubiri mtu arudi kutoka sokoni, na kwamba mwenye cha kutoa akitoe mapema, hata kwa chombo kisicho na injini. Nilimshukuru Mungu kwa mlinzi aliyekubali kuinua mikono, na kwa Nomusa, popote alipo, aliyeinama wakati wengine wanarudi nyuma.

Safari yangu ya kuja huku kusoma ilikuja ghafla, kabla ya tarehe tuliyoipanga. Mama alikuwa Johannesburg kwenye msiba wa mtu wa kanisani, hakuweza kurudi kwa wakati. Baba alinisindikiza uwanja wa ndege na kizibao chake cha kazi, tukaongea na mama kwa simu, laini ikakatika. Nikapanda ndege nikiwa na huzuni, najua na yeye anawaza nini.

Juzi ndipo nilipomaliza kutoa nguo za baridi kwenye begi. Kopo lilikuwa chini kabisa, limeviringishwa kwenye sweta, limefungwa kwa kipande cha kitenge cha bluu. Nilimpigia mama. Nikamuuliza aliliweka lini.

"Siku ile ile ulisema wamekukubali," akasema. "Wewe ulikuwa unacheza dansi sebuleni."

Nikamwambia asante. Nikalirudia mara kadhaa, maana halikutosha. Mama akaniacha nimalize.

"Iko na harufu bado?" akauliza.

"Iko, mama."

"Basi kula."