Kisu cha Achieng'

Jamani, leo nimeingia dukani kumnunulia mtoto kisu, nikatoka bila kisu.

Achieng' wangu ana miaka kumi. Anachuma majani ya chai na sisi hapa shambani, nyapara akitusimamia, na jioni anaenda kuni. Nikasema sasa apate kisu chake mwenyewe, kile cha kukunja.

Hapo sokoni Kapsoit, mwenye duka akatutolea viwili.

Mimi nikapenda kile kidogo, cha mpini wa mbao. Kumenya muwa kinatosha, ama?

Achieng' akakataa.

"Mama, nataka hiki kirefu."

"Cha nini?"

Akainama. "Nyapara akinivuta tena kule kwenye kuni, nimkate."

Tena!

Mwenye duka akageuka, akajifanya anapanga sabuni.

Kisu sikununua. Nilimshika mkono tukarudi mbiombio, yeye akidhani nimemkasirikia. Nikapiga magoti pale barabarani nikamwambia, "Si wewe, mama. Si wewe."

Sasa baba yake anafunga mizigo. Mkataba haujaisha, na kutoroka shamba la mzungu ni jela, tunajua. Giza likiingia tunaondoka hata hivyo.

Wenzangu mlio na mabinti hapa kambini, waulizeni leo hii kuhusu huyo nyapara.