Ukuta Nilioujenga Mwamanyili

Niliondoka nyumbani Somanda kwa sababu ya nyumba. Niliijenga mwenyewe kule Mwamanyili, mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini na dada yangu Kabula akapewa kiwanja karibu na ziwa. Matofali mabichi, mabati juu, kuta za pembeni zikipanda mpaka kilele cha paa. Mimi ni fundi mwashi, na mke wangu atasema najisifu, lakini kijiji kizima hakikuwa na nyumba ya namna ile.

Siku hiyo alfajiri ardhi ilitikisika. Kwetu ilikuwa vikombe kugongana kabatini, basi. Saa sita mchana dereva wa lori la pamba akatuambia sokoni kwamba tetemeko lilitokea chini ya ziwa, na kwamba huko ufukweni nyumba za matofali zimelala. Nikamuuliza habari za Mwamanyili.

"Fundi, sikuuliza majina ya vijiji," akasema. "Panda twende."

Kasoli tulisimama kupakia. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda kwa wanawe alikaa karibu nami juu ya pamba. "Hizo nyumba zilizoanguka," akasema, "aliyezijenga sijui kama anapata usingizi." Niligeukia upande mwingine. Nilijua nilichoacha: sikufunga zile kuta kwa miti kule juu. Niliona zimesimama wima, nikaridhika.

Saa kumi na moja jioni nikashuka Mwamanyili, na njia ya kwenda kwa dada inapita ufukweni. Mtumbwi mkubwa ulikuwa umelala katikati ya shamba la viazi, nyavu zimo ndani. Mwenyewe alikuwa ameketi kando yake, mguu umefungwa vijiti.

"Maji yalirudi nyuma kwanza," akaniambia. "Tukaona matope ambayo hatujawahi kuyaona, samaki wanarukaruka. Tukashuka na vikapu. Halafu tukasikia ngurumo kutoka huko mbele."

"Mlirudi wote?"

"Wote. Mimi wa mwisho, kwa tamaa ya sangara."

Ziwa lenyewe lilikuwa limetulia, linang'aa mpaka upeo wa macho. Maisha yangu yote nimechimba udongo na kuukanyaga nikidhani ni kitu kilicholala tu, kisichojua kama nipo. Sikuthubutu hata kuyasogelea yale maji.

Nilipofika kwa dada, ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umeangukia ndani, wote. Niliita, "Kabula!" Nikaanza kutupa matofali kwa mikono, nalia, sioni aibu kulisema. Chini ya matofali nikafikia kitu laini. Nikavuta. Ilikuwa pamba.

"Taratibu na pamba yangu," sauti ikasema nyuma yangu.

Dada alikuwa amesimama na ndoo kichwani. Nilimkumbatia, maji yakatumwagikia sote wawili.

"Mwadila," akanisalimu, kama mtu anayepokea mgeni wa kawaida. Kisha akaeleza: chumba kilijaa pamba tangu mavuno, wao wanalala kwa mama mkwe wake, katika nyumba ya duara iliyo nyuma. Nyumba hiyo ya miti na nyasi ilikuwa imeinama kidogo, haina ufa.

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana pia."

"Mbona uliniandikia kwamba mnalala vizuri?"

"Tulikuwa tunalala vizuri."

Mama mkwe akatoka akifuta mikono. "Usikasirike, baba," akasema. "Ile nyumba yako ilikuwa inanitisha. Juu pazito." Nikapiga goti nikamshukuru, naye akashangaa.

Siku tatu tulichambua pamba kutoka kwenye vifusi. Jioni mama huyo alinionyesha jinsi nyumba yake ilivyofungwa: fito zinazunguka ukuta mzima, kila kiungo kwa kamba, paa na ukuta vimeshikana. Ardhi ilipocheza, vyote vilicheza pamoja. Niliuliza maswali ambayo mwanafunzi wangu angeuliza.

Siku ya nne nikarudi Somanda. Mke wangu alitoka kunilaki. Nilimwambia Kabula mzima, nikapitiliza ndani, nikakokota kitanda cha watoto kutoka chini ya ukuta kama ule wa Kabula mpaka uani. Kisha nikachukua nyundo na ngazi.

"Unafanya nini?"

"Nabomoa pale juu. Nitajenga upya, nifunge kwa miti."

"Huo si ndio ukuta unaowaonyesha wageni?"

"Ndiyo," nikasema. "Nishikie ngazi."